Kipimamwanga kinatoa jibu lile lile kwa gauni jeupe na koti jeusi. Kimekufa?

LenziKuukuu

Salaam wakuu. Naomba msaada kabla sijaanza kuchoma filamu bure.

Nimepata kamera ya zamani ya filamu ya 120, fremu 6x6, ambayo ndani haina mita yoyote ya mwanga. Kwa ajili yake nikanunua kipimamwanga cha mkononi kilichotumika, Sekonic L-398, kile cha mshale na duara la namba, kisichotumia betri, chenye kuba jeupe kama nusu ya mpira wa tenisi ya meza.

Nimekijaribu kwa kukilinganisha na kamera yangu ya dijitali. Dada kasimama kando ya dirisha, gauni jeupe, nyuma yake ukuta mweupe. ISO 400 (wepesi wa kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/4. Kamera ikasema shata, yaani muda wa kupokea mwanga, iwe 1/400 ya sekunde, kipimamwanga kikasema 1/125. Nikasema haya, kila mashine na mambo yake. Akaja kaka akasimama palepale, koti jeusi, na nyuma yake nikatundika pazia jeusi. Kamera ikasema 1/30. Kipimamwanga: 1/125 tena. Mshale haukutikisika.

Sasa nishike lipi? Kile kidude kimekwama, au kuna kitu sikielewi? Nimekishika mbele ya uso wao, kuba likielekea kamera, kama muuzaji alivyonielekeza.

Pikseli_Moja

Mkuu unajitesa. Piga na dijitali kwanza, tazama histogramu (ile grafu ya giza na mwanga wa picha), rekebisha hadi ikae sawa, kisha hamishia namba zile zile kwenye kamera ya filamu. Vipimamwanga vilikuwa na maana zamani, watu walipokuwa hawana kioo cha kuona picha papo hapo.

BiKivuli

Kipimamwanga chako kizima, ndugu. Kingekupa majibu mawili tofauti ndipo ungekuwa na sababu ya kuhangaika.

Mita iliyo ndani ya kamera haipimi mwanga wa dirisha. Inapima kile kinachorudi kwenye lenzi baada ya mwanga kugonga gauni, ukuta, koti na pazia. Na haijui gauni ni nini. Inajua jambo moja tu: chochote kilicho mbele yake kitoke kijivu cha katikati. Ikikuta weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inabana. Ikikuta weusi inadhani giza limeingia, inafungua. Stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu: kutoka 1/125 kwenda 1/400 ni stopu moja na theluthi mbili. Kutoka 1/125 kushuka 1/30 ni stopu mbili. Ukizifuata namba za kamera utapata gauni la rangi ya majivu na koti la rangi ya majivu, na watoto wa mama mmoja hawatafanana: dada kazama gizani, kaka kapauka.

Kuba lako halijali nani kavaa nini. Linapokea mwanga unaomwangukia mtu pale alipo. Dirisha halikubadilika, basi na jibu halikubadilika. Piga wote wawili kwa 1/125 na f/4: jeupe litatoka jeupe, jeusi litatoka jeusi, na ngozi itatoka ilivyo.

Kwenye ngozi ndipo mimi nilipoacha kuiamini mita ya kamera bila kuiuliza maswali. Mtu mwenye ngozi nyeusi ukimsimamisha mbele ya ukuta mweupe, mita inamzamisha hadi macho hayaonekani. Mtu huyo huyo ukimjaza kwenye fremu, uso mtupu, mita inampausha, kwa sababu inataka kumfanya kijivu. Makosa mawili yanayopingana, kwa mtu mmoja, saa moja, mwanga mmoja. Kuba halina habari hizo.

Na muuzaji alikuelekeza vizuri. Mahali pa mtu, mbele ya uso, kuba likitazama lenzi ya kamera. Likitazama lenzi, si likutazame wewe uliyekishika pembeni, wala lisitazame dari. Jihadhari na kivuli chako mwenyewe. Watu wengi wanainama juu ya kipimamwanga ili wasome mshale, na kichwa chao kinaziba nusu ya dirisha. Kwenye L-398 huna haja ya kusoma hapo hapo: bonyeza kitufe, subiri mshale utulie, achia, mshale unajifunga ulipofika. Kisha rudi kwenye kamera usome kwa raha yako.

Ukisogeza duara hadi namba ya mshale, jozi zote zinajipanga kwa pamoja: f/4 kwa 1/125, f/5.6 kwa 1/60, f/8 kwa 1/30. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko namba moja inayomulika kwenye kioo. Unaona uwanja wote, unachagua mwenyewe.

LenziKuukuu

Bi Kivuli asante sana, nimeelewa kuliko nilivyoelewa kwenye kijitabu chake. Swali jingine: mahali pengine nimesoma kuba lielekezwe kwenye chanzo cha mwanga, si kwenye kamera. Nifuate lipi? Na kama ninachopiga kiko mbali, mfano mlima, nitakwendaje kuweka kipimamwanga mbele yake?

BiKivuli

Mlima kwanza, maana ni rahisi. Jua linaloangaza mlima ndilo linalokuangaza wewe, na kwa umbali wa jua hizo kilomita chache si kitu. Geuza mwili ili kuba litazame upande ambao lingetazama kama ungekuwa kule, yaani sambamba na mstari wa kutoka mlimani kuja kwenye kamera, upime hapo ulipo. Sharti ni moja: uwe juani kama mlima uko juani. Ukiwa chini ya mti unapima kivuli cha mti. Wingu likikufunika wewe peke yako, subiri lipite.

Sasa kuba na mwelekeo wake. Hili huleta ugomvi kila mahali, na wote wanaogombana wana haki kwa kiasi. Don Norwood, Mmarekani aliyepata hataza ya wazo hili mwaka 1940, alitaka kifaa kinachopokea mwanga kama uso wa mtu unavyoupokea: mbele, juu, kushoto na kulia kwa pamoja. Ndiyo maana ni kuba na si bapa. (L-398 yako ni mjukuu wa kifaa chake.) Ukilielekeza kwenye kamera, kuba lenyewe linapata upande wa mwanga na upande wa kivuli kwa kadiri ile ile ambayo kamera itaiona usoni, na jibu linatoka limeshapatanisha pande zote mbili. Kwa mwanga wa mbele au wa pembeni mimi naanzia hapo na mara nyingi naishia hapo.

Tatizo huja jua likiwa nyuma ya mtu. Kuba likitazama kamera liko kivulini kabisa. Litakupa namba nzuri ya uso, na anga, nywele na mabega yatawaka. Wakati mwingine hivyo ndivyo unavyotaka. Usipotaka, pima mara mbili: mara moja kuba likitazama kamera, mara ya pili likitazama jua, kisha shika katikati. Upande wa kamera ukikupa f/4 na upande wa jua f/8 kwa shata ile ile, weka f/5.6. Uso utakuwa na kiza kidogo, nyuma itawaka kidogo, na jicho linakubali kwa sababu ndivyo mtu aliyeupa jua mgongo anavyoonekana.

Wanaosema elekeza kwenye taa moja kwa moja mara nyingi ni watu wa studio, na wao wana sababu yao. Wanataka kujua kila taa inatoa kiasi gani peke yake. Kwa kazi hiyo kuba halifai sana kwa kuwa linakusanya mwanga wa taa ya jirani. L-398 ilitoka kiwandani na kipande bapa cheupe cha kubadilisha. Kama muuzaji alikupa, kitunze. Weka bapa, elekeza taa kuu, soma. Elekeza taa ya kujazia (ile inayopunguza vivuli), soma. Tofauti ya stopu mbili ina maana taa kuu ina nguvu mara nne ya ile ya kujazia. Bapa hilo ndilo pia la kunakilia picha au hati iliyobandikwa ukutani.

Pikseli_Moja

Naheshimu darasa, dada, lakini nina pingamizi. Kuba halijui kama gauni ni pamba au satini. Satini inarudisha mwanga kama kioo. Ukifuata mwanga unaoanguka tu, kwenye dijitali mikunjo ya gauni itaungua, na ikiungua huirudishi. Histogramu ingekuonya.

BiKivuli

Pingamizi lako halali na ninalikubali. Kipimamwanga cha kuba kinakuambia mwanga ni kiasi gani, hakikuambii vitu vitaurudishaje. Satini, maji, bati, upara wenye jasho, vyote vinaweza kupita kiwango. Kwa dijitali na kwa filamu ya slaidi mimi nikiona vitu hivyo nabana theluthi hadi nusu ya stopu chini ya namba ya kuba, maana kote kuwili kinachopotea kwanza ni weupe. Kwa dijitali unaweza pia kupiga moja ya majaribio ukatazama, sikukatazi.

Lakini mwenzetu anapiga filamu, na kama ni negativu (ile inayotoa giza na mwanga kinyume, kisha ndiyo inachapishwa) mambo yanageuka. Negativu inavumilia mwanga wa ziada, haivumilii njaa. Kivuli kisichopata mwanga kwenye negativu kinakuwa plastiki tupu, hakuna cha kuchapisha hapo. Kwa hiyo ukisitasita kati ya namba mbili, mpe negativu ile yenye mwanga zaidi. Wengi huiweka ISO 400 kwenye duara kama 200 kwa sababu hiyo hiyo. Ukihamisha namba ulizozipata kwa kuchunga weupe kwenye histogramu, unailinda filamu kwa hatari isiyokuwa yake na kuiacha na njaa ya vivuli.

Njia ya pili ni mita ya doa, ile inayopima nyuzi moja tu ya pembe. Unalenga kivuli unachotaka kiwe na maelezo, unasoma, unapunguza stopu mbili. Kwa nini kupunguza? Kwa sababu mita ya doa nayo ni mita ya mwanga unaorudi, itataka kukifanya kivuli kijivu, na wewe unakitaka kiwe kivuli. Huo ndio msingi wa mfumo wa kanda, unaogawa picha kwa ngazi kutoka weusi hadi weupe, ambao Ansel Adams na Fred Archer waliupanga karibu na mwaka 1940. Mzuri sana kwa anayepiga mandhari, mguu wa kamera umesimama na haraka hana. Kwa mtu anayepumua na kuchoka mimi nabaki na kuba.

Kama kipimamwanga kimesahaulika nyumbani na una mita ya kamera tu, pima kiganja chako kwenye mwanga ule ule anaosimamia mtu, kisha ongeza stopu moja. Viganja vya watu havitofautiani sana hata ngozi zao zikitofautiana, navyo ni vyeupe kuliko kijivu cha katikati kwa takribani stopu moja.

TaaMbili

Niongeze kuhusu flashi, maana LenziKuukuu atafika huko. L-398 haipimi flashi. Mwako unaisha kabla mshale haujajua kuna jambo. Inatakiwa mita ya dijitali yenye uwezo huo, mfano Sekonic L-308. Na ukipima flashi, ukubwa wa tundu la lenzi ndio unaoamua flashi itaonekana kiasi gani, ilhali shata inaamua mwanga wa chumba. Ukitaka chumba kiwe na giza zaidi nyuma ya mtu, ongeza kasi ya shata ndani ya mpaka wa kamera yako, usiguse f.

LenziKuukuu

Nimekusanya yote. La mwisho: kwa kuwa kimetumika, nitajuaje kama kinasema kweli? Kukubaliana na nafsi yake siyo ushahidi.

BiKivuli

Hilo ndilo ungeanza nalo, na ni swali zuri.

Kwanza ziba kuba kwa kiganja, giza kabisa, bonyeza kitufe. Mshale ulale kwenye sifuri. Usipolala, kuna skrubu ndogo ya kuurudisha. Zungusha polepole kwa bisibisi ya fundi saa, na kama inakataa usiilazimishe.

Pili toka nje mchana, anga safi, jua limepanda. Chomeka kile kibati chenye matundu kilichoandikwa H, la sivyo mshale utakimbilia mwisho wa kipimo na kubaki huko. Ukikitumia, usome kwa alama ya H ya duara. Ukikitoa, rudi alama ya kawaida. Watu wengi hudhani seli, kile kipande kinachohisi mwanga, imekufa kumbe wamechanganya alama. Jua hilo, kuba likiwa limeangaziwa kutoka mbele, likupe karibu f/16 kwa shata inayolingana na ISO: ISO 100 kwa 1/100 au 1/125. Kwa lugha ya EV, namba moja inayojumlisha f na shata, ni 15.

Tatu, na hili usiliruke, pima kwenye mwanga hafifu. Seli za seleniamu huzeeka, na uzee wao haulingani kila mahali. Chukua kadi ya kijivu cha katikati, iweke kando ya dirisha, ijaze kwenye fremu ya dijitali, linganisha na kuba lililoshikwa mbele ya kadi. Rudia kwenye pembe ya chumba yenye kiza. Tofauti ya theluthi ya stopu usiijali, viwanda vyenyewe havikubaliani. Tofauti ikiwa kubwa lakini ni ile ile juani na kizani, tibu kwa kubadilisha ISO kwenye duara na uendelee na maisha. Ikiwa juani kiko sawa na kizani kinapungukiwa, na kadiri kiza kinavyozidi ndivyo upungufu unavyozidi, seli inakwenda. Kitumie nje tu. Tazama pia mgongoni kama ni L-398 tupu au L-398A. Ile ya A ina seli ya aina nyingine na haina ugonjwa wa seleniamu.

Hata kikiwa kizima, kuna mambo hakiyajui. Hakijui filta uliyofunga kwenye lenzi. Filta nyingi za njano huomba stopu moja, nyekundu nzito huomba tatu, hiyo hesabu ni yako. Hakijui umesogeza lenzi mbali na filamu ili upige pete au mdudu. Kitu kikifikia ukubwa wake halisi kwenye filamu, unadaiwa stopu mbili. Hakijui kwamba filamu huchoka shata ikikaa wazi kupita sekunde moja hivi. Na hakijui umri wa shata yako. Kamera kuukuu iliyoandikwa 1/500 aghalabu hutoa chini ya hapo, ilhali 1/60 na 1/125 huwa bado zina adabu. Kwa roli la kwanza kaa kwenye hizo mbili na uchezee f, ili kikiharibika kitu ujue wa kumshitaki.

LenziKuukuu

Nimetoka kupima. Sifuri ilikuwa imehama mstari mmoja, nimeirudisha. Juani f/16 kasoro kidogo sana. Kando ya dirisha kinalingana na kadi. Pembe ya chumba kinapungukiwa karibu stopu nzima, na mgongoni hakuna A. Kwa hiyo cha nje na cha dirishani. Kwa usiku nitatafuta kingine.

BiKivuli

Stopu nzima kizani kwa seleniamu ya umri huo si mbaya. Ukitafuta cha pili, kwepa vya seli ya CdS (aina ya zamani inayohitaji betri) kama Gossen Lunasix za mwanzo isipokuwa umepata adapta ya betri. Zilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena, na ukitia za volti 1.5 zinakudanganya. Isitoshe CdS ina kumbukumbu: ukitoka juani ukaingia ndani, isubiri itulie kabla hujaiamini. Chukua ya silikoni, hata ya zamani. Na hiki cha sasa kilaze kwenye mkoba wake, usikianike dirishani siku nzima kuba likitazama jua.